Yai la Kwanza Hulala Baridi

Wageni wakifika kwangu Lushoto huuliza tausi dume yuko wapi. Wanataka kumwona akitandaza mkia. Mimi huwapeleka nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, nikawaonyesha jike: ndege wa kahawia asiye na mapambo, aliyefukua kishimo chake kwenye majani makavu. Huyo ndiye aliyenifunulia jambo ambalo miaka arobaini ya kufundisha madrasa haikunifunulia.

Jambo hilo lilianza na binti yangu. Ana miaka tisa ya ndoa na hajajaliwa mtoto. Usiku mmoja alinipigia simu akasema, "Baba, naona Mungu amenisahau." Nikamjibu kama tujibuvyo wazee wote: "Subiri, mwanangu. Subira huvuta heri." Akanyamaza, kisha akaniaga.

Mwaka huohuo jike wangu alianza kutaga. Tausi hatagi kila siku. Hutaga leo, kesho akapumzika, keshokutwa akarudi. Asubuhi nililigusa yai la kwanza, nikalikuta baridi kama jiwe la mtoni, na mama yake yuko kule bondeni anadonoa mchwa. Roho iliniuma. Nikalichukua nikalitia kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga, nyuzi 37.5, na kila lililofuata nikalitia siku ileile lilipotagwa. Niliona hiyo ndiyo huruma.

Yakawa mayai sita, kila moja na tarehe yake niliyoiandika kwa penseli. Yai la tausi huchukua siku 28 hivi. Siku 25 za mwanzo sharti ligeuzwe mara kwa mara, na hewa isiwe na unyevu mwingi, kwa sababu yai linatakiwa kupoteza maji kidogokidogo ili kifaranga apate nafasi ya kuvuta pumzi. Siku tatu za mwisho mambo hubadilika: yai liachwe litulie na unyevu uongezwe, ili utando wa ndani usimkaukie kifaranga anapotoboa ganda. Na mashine yangu ilikuwa moja. Yai la kwanza lilipofika siku ya 25, la sita lilikuwa na siku 15 tu. Nikaongeza maji kwa ajili ya lile lililotangulia, nikayaharibia yaliyo nyuma. Nikafungua mlango kumtoa kifaranga wa kwanza, unyevu ukatoka naye, na utando ukamganda yule wa pili kama gundi. Alikuwa ameshatoa ncha ya mdomo nje. Nilimsikia akilia, kisha sikumsikia tena. La tano na la sita niliyapasua baadaye: vifaranga wamekamilika hadi kucha, wamejaa maji. Katika sita nilipata watatu.

Msimu uliofuata nilimwachia mwenyewe. Nilikaa mbali nikahesabu. Kwa siku kumi lile yai la kwanza lililala baridi, likiongezewa mwenzake kila siku ya pili. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuwa amelitupa. Katika ubaridi wetu wa milimani, joto likiwa chini ya nyuzi 20 hivi, uhai ulio ndani ya yai bichi haufi upesi; unasinzia. Jike huliacha lisinzie hadi wenzake watimie. Alipotaga la sita akalala juu yao, na tangu hapo mayai yote yakawa na hesabu moja. Watano walianguliwa kati ya magharibi moja na magharibi ya pili. Moja lilikuwa viza. Mama hakukawia; aliwaondoa watoto wakamfuata kwa miguu yao, maana kifaranga wa tausi hakai kiotani kulelewa. Ambaye angechelewa kwa siku kumi angebaki hapo peke yake.

Basi baridi si ushahidi wa kusahauliwa. Sisi tumezoea kupima mapenzi ya Mungu kwa joto: aliyepewa tunasema amependwa, aliyecheleweshewa tunaanza kumtafutia dhambi zake. Joto nililoyapa mayai yale kabla ya wakati lilitoka katika upendo wa kweli, na upendo huo uliua watatu.

Lakini siwezi kuishia hapo, kwa sababu neno hili ni rahisi kulitumia vibaya. Lile yai viza nalo lilingoja kama wenzake. Kungoja si hati ya kupata, na mtoto si mali yangu hata nimwahidi binti yangu. Kuna jambo nililoliona mara kwa mara kabla sijalielewa: jike alikuwa akirudi. Kila siku ya pili, jua likikaribia kuzama, alipita kwenye majani yaleyale, akasimama juu ya mayai yake, akayatazama, akaongeza moja. Yai liliachwa lingoje, lakini mwenyewe alikuwa analijia. Mimi nilimwambia binti yangu asubiri, kisha nikakaa mwezi mzima bila kumpigia simu.

Dini yetu inatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu yu karibu na anayemwomba. Naliamini hilo kwa moyo wangu wote. Ila mja anayengoja gizani ataliaminije ikiwa sisi tunaomhubiria subira hatumkaribii? Anayehubiri subira na kuondoka hana tofauti na aliyelitupa yai.

Siku hizi kila Ijumaa baada ya sala napanda gari kwenda kwake Soni. Simwambii tena asubiri. Tunachambua mchele, tunazungumza, ninamwombea, ninarudi. Nawe msomaji, kama kuna mtu uliyemwambia asubiri, nenda ukamwone wiki hii.