Kwenda Iringa Kutazama tu

Msikilizaji wa Ubaruku! Mpunga umeshavunwa, mvua bado. Oktoba hii, mtu akikuaga anakwenda Iringa, utamuuliza nani anaumwa, au msiba uko wapi. Safari zetu za mjini ni hospitali, kesi na vipuri vya trekta.

Nami nasema nenda ukatazame. Pita Rujewa, Makambako, Mafinga, kisha panda kilima cha Ipogolo. Mwezi huu mijakaranda imechanua zambarau, na maua hudondoka kabla majani hayajarudi vizuri. Simama chini ya mti mmoja, inua uso. Hakuna kiingilio.

Kisha ingia Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha. Watu wenye ulemavu hufuma vitambaa, hutunga shanga, na hutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ishike mkononi: ni nzito kidogo, nyuzi za majani aliyokula tembo zinaonekana wazi. Kwenye mkahawa wao wahudumu ni viziwi, chai unaagiza kwa ishara.

Muda ukibaki, lipo Boma, jengo la Wajerumani lililogeuzwa makumbusho mwaka 2016, na nje kidogo ya mji upo mwamba wa Igeleke, wenye michoro myekundu ya kale.

Mkulima anayelisha miji wali ana haki ya kuifuata miji hiyo kwa raha yake. Mchukue na mama watoto. Basi la alfajiri bado lina nafasi.