Punda wa Balaamu na Swali la Haki

Methali yatufunza kuwa shukrani ya punda ni mateke. Katika sura ya 22 ya kitabu cha Hesabu methali hiyo yapinduliwa: punda ndiye atendaye fadhila, na binadamu ndiye alipaye kwa kipigo. Balaamu, akiwa safarini kwenda kwa Balaki mfalme wa Moabu, anampiga punda wake mara tatu: alipochepukia shambani, alipombana mguu ukutani penye mashamba ya mizabibu, na alipolala katika njia nyembamba. Kila mara mnyama alimwona malaika mwenye upanga, ilhali mwonaji mashuhuri hakuona lolote.

Ni rahisi kuishia kwenye kinaya hicho, au kuiita sauti ya punda tashihisi na kufunga mjadala. Makala haya yanadai kwamba uzito wa kimaadili umo katika jambo asilolisema punda. Anapofunguliwa kinywa, hamtaji malaika hata mara moja. Anauliza kosa lake ni lipi, kisha anakumbusha utumishi wake wa miaka yote: je, alizoea kumtendea bwana wake hivyo? Balaamu anakiri kuwa hakuzoea. Hoja ya punda, basi, imejengwa juu ya uaminifu wake. Uaminifu huo pekee ulitosha kumfanya bwana asite na kuuliza kabla ya kuinua fimbo.

Huenda mtu akapinga kwamba pasipo malaika kipigo kingekuwa halali. Pingamizi hilo halisimami. Balaamu anakiri katika aya ya 30. Macho yake yanafunguliwa katika aya ya 31. Kesi imekwisha kuamuliwa kabla ya ushahidi wa mbinguni kuletwa.

Lakini tuangalie toba inavyoelekezwa. Balaamu anaungama dhambi mbele ya malaika aliyeshika upanga. Aliyepigwa haambiwi neno. Safari yaendelea, na punda hatajwi tena. Kutoka 23:5 yaamuru kumsaidia hata punda wa adui aliyelala chini ya mzigo wake. Je, aliyetubeba sisi wenyewe tunawiwa naye nini? Na toba imwendeayo mwenye nguvu, ikampita aliyedhulumiwa, tuiite toba au hofu? Msimulizi hajibu. Kimya chake ndicho kinachotulazimu sisi wasomaji kujibu.