Mficha Uchi Hazai

Palikuwa na dereva wa lori, mkazi wa Mbagala, njia yake Dar es Salaam mpaka Tunduma. Utingo wake alikuwa mdogo wake wa damu. Miaka minane walisafiri pamoja, wakibishana mpira usiku kucha ili usingizi usiwachukue. Mdogo mtu akaugua, akafa, akazikwa kwao, karibu na Mafinga, kando ya barabara ileile. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Jumatatu dereva alikuwa kwenye usukani. Wazee wakamsifu kwamba amejikaza kiume.

Tangu hapo, kila alipopita Mafinga alikanyaga mafuta.

Polepole akabadilika. Usingizi wake haukuzidi saa nne, chakula chake chipsi na soda usiku wa manane, kitambi kikamtangulia. Nyumbani alifoka kwa jambo dogo. Kitandani aligeukia ukutani.

Kijiweni hawakumuuliza lolote. "Kaka, umevuka arobaini. Homoni zimekwisha hizo." Mmoja akampeleka kwa mwalimu wa jimu aliyekuwa akiuza sindano za testosteroni, homoni ya kiume. Damu haikupimwa, kilichopimwa ni mfuko.

Mwezi wa pili kifua kilijaa, hamu ya tendo ikarudi, kijiwe kikashangilia. Lakini usiku, akipanda mlima Kitonga, akigeukia kiti cha utingo na kumwona mtu mwingine, ule uzito moyoni aliukuta palepale. Akaongeza dozi.

Mwaka ukapita. Mkewe alitaka mtoto wa tatu, mimba haikuingia, na dereva akamlaumu yeye. Siku moja mkewe akaweka karatasi mezani. "Baba watoto, mimi nimepima, sina tatizo. Zamu yako."

Hospitali alimkuta daktari, mama mtu mzima. Majibu yalikuwa mafupi: kwenye manii hapakuwa na mbegu hata moja, na damu ilikuwa nzito kupita kiasi.

"Shikamoo mama, mbona nina nguvu kuliko zamani?"

"Marahaba. Mwanangu, nyumba ikiletewa chakula cha hotelini kila siku, mpishi huzima jiko. Ubongo ukiona damu imejaa homoni ya sindano, huacha kuzituma korodani kazini. Na mbegu hupikwa jiko hilohilo."

Akamsimulia habari za Brown-Séquard, mganga mkubwa mzaliwa wa Mauritius. Mwaka 1889, akiwa Paris na umri wa miaka 72, alijidunga maji ya korodani za mbwa na wanyama wengine wadogo, akatangaza kwamba ujana umemrudia. Watafiti wa baadaye walipotengeneza maji kama yale, wakakuta homoni iliyomo ni kidogo mno kumfaa mtu. Tumaini ndilo lililomnyanyua mzee yule, naye alifariki mwaka 1894.

"Sindano yako ina nguvu kweli, yake haikuwa nayo," daktari akasema. "Ila nyote wawili mlijidunga kabla ya kujua mnaumwa nini. Haya, mambo haya yalianza lini?"

Dereva akatazama sakafu. Kisha akataja tarehe, na ilikuwa ile Jumamosi ya mazishi. Akalia kama mtoto.

Sindano alizisimamisha chini ya uangalizi, maana mwili ulioachishwa ghafla huporomoka na huzuni huongezeka. Alikwenda kwa mshauri, akatibiwa sonona, akapunguza safari za usiku, akala ugali na mboga za mkewe. Kitambi kilipopungua na usingizi uliporudi, hamu nayo ikarudi. Baada ya miezi, mbegu zimeanza kuonekana, ingawa chache.

Funzo ni hili. Uchovu, hasira na kukosa hamu huletwa na homoni pungufu, lakini pia na sonona, kisukari, unene na usingizi haba. Wapo wanaume wenye upungufu wa kweli, na tiba huwafaa. Hao hujulikana kwa dalili pamoja na damu iliyopimwa asubuhi, tena zaidi ya mara moja. Na anayetaka kuzaa aseme mapema, kabla sindano haijagusa mwili.

Wahenga waliposema mficha uchi hazai, huyu dereva aliyalipia maneno yao neno kwa neno. Safari iliyopita, alipofika Mafinga, aliegesha lori kando, akamwambia utingo wake amsubiri, akashuka.