Asiyelipa Mchango, Tumzike?

Swali hili hulikuti sana kwenye vitabu vya falsafa, lakini vikundi vya kufa na kuzikana hukutana nalo mapema kuliko vilivyotarajia. Mtu amejiunga, amelipa kiingilio, amechanga mwaka mzima, halafu kakatika. Haji kikaoni, ada haileti, faini zinajiandika zenyewe. Siku moja zinakuja habari kwamba amefariki. Katiba ya kikundi, ile iliyoandikwa kwa mkono kwenye kaunta buku na kusainiwa na wote, inasema kwamba aliyepitisha miezi mitatu bila kulipa amepoteza haki zake. Kwa hiyo jeneza, turubai, usafiri, mchele wa waombolezaji, vyote hivyo kikundi hakidaiwi. Sasa tufanyeje?

Nataka tulijadili swali hili tukiwa Kyela, kule ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Hiyo ni nchi ya mabonde. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kutoka nyanda za juu na kumwaga maji ziwani, na mvua za masika zikizidi, maji hayaulizi mpaka wa shamba la mtu. Mpunga unaoipa Kyela jina nchi nzima una msimu wake. Kakao inauzwa kwa stakabadhi ghalani, na minada ina siku zake. Fedha ya mkulima, basi, huja kwa mafungu. Ada ya kikundi inadaiwa kila mwezi. Kalenda hizi mbili hazijawahi kupatana, na hapo ndipo tatizo letu linapozaliwa.

Chukua mfano wa mama wa Ipinda ambaye maji yamebeba mpunga wake mwezi wa nne. Mweke pembeni ya mwenye duka pale mjini ambaye kila mwezi anasema "nitaleta" na haleti. Kwenye daftari la mweka hazina watu hawa wawili wanafanana kabisa. Kila mmoja ana visanduku vitatu vitupu.

Tuanze na upande wa wakali, maana mara nyingi wanasemwa vibaya bila kusikilizwa. Mkali ana hoja nzito. Kuna mwanachama aliyeuza debe la mchele kwa bei ya hasara ili ada isilale. Yule aliyelala tukimpa sawasawa na huyu, tumemwambia huyu kwamba alikuwa mjinga. Mwezi ujao naye atalala. Sanduku likikauka, atakayeumia kwanza si mwenye mtoto wa kutuma fedha kutoka Dar. Ni yule asiye na mtu, ambaye kikundi ndicho kilikuwa ndugu yake.

Mkali ana hoja ya pili, na mimi naiona nzito zaidi. Mchango wa kuzikana si sadaka. Anayepokea sadaka hushukuru akiwa ameinama. Anayezikiwa mzazi wake na kikundi alichokichangia anapokea akiwa amesimama wima, kwa sababu ni haki yake. Heshima hiyo imejengwa na daftari. Tukilifanya daftari liwe la kubembelezana, tutakuwa tumewageuza wanachama wote kuwa waombaji. Nyerere, katika andiko lake la ujamaa la mwaka 1962, alikumbusha kwamba ukarimu wa jamii zetu ulikuwa na sharti, akatumia ile methali ya mgeni anayepewa jembe siku ya tatu. Undugu usiodai chochote kwa mtu haukuwahi kuwepo.

Lakini jamani, marehemu hatozwi faini. Adhabu ya kutomzika inawaangukia watoto wake, ambao hawakuwahi kusaini katiba yoyote. Na huku Kyela adhabu hiyo ni nzito mno. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi na Wanyakyusa kwenye miaka ya 1930, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951, *Good Company*, kinaeleza vijiji vya rika: wavulana waliochunga ng'ombe pamoja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, wakawa wanakula pamoja kwa kuzunguka nyumba za mama zao. Msingi wa maisha hayo waliuita *ukwangala*, yaani kukaa vizuri na watu, kula nao na kuzungumza nao. Kusaidiana hakukuwa kazi ya ziada baada ya shughuli za siku. Ndiko kulikokuwa kuishi kwenyewe.

Tusiyapake rangi ya asali, hata hivyo. Kitabu hichohicho kinaeleza imani ya "pumzi ya watu": kwamba manung'uniko ya majirani kwa aliyekosa yanaweza kumletea maradhi. Aliyekula peke yake alishukiwa. Kwa hiyo hata undugu wa zamani ulikuwa na ukali wake. Tofauti na daftari letu ni moja: ili ukasirikiwe na majirani, ilibidi majirani wakujue. Walijua ng'ombe wako wangapi na nani anaumwa ndani. Hasira yao ingeweza kuwa na makosa, lakini haikuwa kipofu.

Wasomaji wa Chinua Achebe watakumbuka Umuofia Progressive Union katika *No Longer at Ease*. Watu wa kijiji kimoja wanaoishi mjini wanachanga, wanamsomesha Obi Uingereza kwa mkopo, naye anarudi na kuomba apewe miezi minne kabla ya kuanza kulipa. Kikao kinamkubalia. Halafu mwenyekiti anagusa habari za mwanamke anayetaka kumwoa, na Obi anatoka kwa hasira. Kawaida tunasoma sehemu hii kama ugomvi wa kijana msomi na wazee wa mila. Mimi huisoma pia kama habari ya kikao. Watu wale walikuwa tayari kusamehe deni kwa muda kwa sababu mdaiwa alisimama mbele yao akaomba. Kilichovunjika ni namna walivyoyajua mambo yake: waliyajua kwa umbea. Chama kinachotaka kumhurumia mtu lazima kimjue, na kinapomjua kinaweza kumwingilia. Hakuna njia ya kupata la kwanza na kulikwepa la pili kabisa.

Hapa ndipo ninapofika kwenye hoja yangu. Kati ya haki na huruma hakuna ugomvi mkubwa kama tunavyodhani. Ugomvi unakuja pale tusipojua kama mtu hakuweza au hakutaka. Kujua hilo ndiyo kazi ya kikao. Rotary, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905, ilipata jina kutokana na wanachama wa mwanzo kukutana kwa zamu kwenye ofisi zao. Vikundi vingi vya kwetu navyo huzunguka nyumba kwa nyumba. Ukifika kwa mwenzako unaona paa, unaona ghala, unaona kama kuna mgonjwa. Yote hayo yanajulikana kabla ajenda ya kwanza haijasomwa, na hakuna aliyelazimishwa kujieleza.

Siku hizi ada inatumwa kwa simu, na orodha inabandikwa kwenye grupu la WhatsApp: fulani 5,000, fulani 5,000, fulani sifuri. Ni rahisi, na wizi unapungua. Ila orodha hiyo ni lile daftari la visanduku vitupu, sasa likisomwa na watu themanini kwa mara moja. Aliyepelekewa maji shamba lake atajitoa kwenye grupu kimyakimya usiku. Asubuhi simu itaandika tu kwamba ametoka.

VICOBA wana kitu cha kutufundisha hapa. Mbali na hisa, vikundi hivyo huwa na mfuko wa jamii, na sanduku lao linafungwa kwa kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu tofauti. Hisa ni za mwenye hisa. Mfuko wa jamii ni wa shida. Fedha hizo hazichanganywi, na kwa hiyo anayesaidiwa hamnyang'anyi mtu. Kikundi cha kuzikana kinaweza kufanya hivyohivyo: sehemu ndogo ya kila ada iwekwe kando, na kikao kiwe na mamlaka ya kumlipia kwayo mwanachama aliyekwama. Sharti liwe moja, kwamba suala lijadiliwe akiwa hai. Akipitisha mwezi wa kwanza, watu wawili waende kwake. Wasiende kudai. Waende kusalimia, na wakirudi waseme walichokiona kwa maneno machache.

Na hilo linagusa pia harambee tunazofanya kwa ajili ya walio nje, madawati ya shule au mashuka ya zahanati. Huko kuna kipaza sauti, mgeni rasmi na majina yanayosomwa kwa shangwe. Kenya ilifika mahali pa serikali kutangaza, mwaka 2024, kuwapiga marufuku viongozi wa umma kushiriki harambee. Sisemi tuache kuchangia shule. Lakini kikundi kinachotangaza laki tatu za madawati huku mwanachama wake amefutwa kwa deni la elfu kumi na tano kimenunua sifa kwa fedha ya mtu aliyemsahau.

Bado kuna yule mwenye duka, aliyetembelewa na akaendelea kusema "nitaleta". Amefariki. Tumzike?

Nasema ndiyo, kwa mikono na si kwa sanduku. Tuchimbe kaburi, tuteke maji, tupike, tukeshe, tulie. Hayo hayakuwahi kuwa ndani ya ada, na katiba haiwezi kuyafuta. Jeneza na rambirambi za kikundi zibaki kwa waliochangia, maana tulimpa nafasi naye akaikataa. Wapo watakaosema huo ni ukatili, na wapo watakaosema hata kuchimba ni kumdekeza. Wote wawili waje kikaoni waseme. Naomba tu kwamba siku hiyo katibu asiandike kwenye muhtasari "hakuwa mwanachama". Aandike alivyokuwa: alikuwa mwenzetu, hakulipa, tulikwenda kwake mara ngapi, na tulimzika siku gani.