Tawakali si Kuziba Masikio

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari kwa waja wake wapate riziki ndani yake na wasafiri juu yake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo: Ndugu zetu Waislamu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, sisi tu watu wa maji. Mvuvi wetu atoka na dau alfajiri, arusi zetu huvuka kwa mashua, na vijana wetu siku za Idi hukodi boti wakatembea baharini. Basi mas'ala ya kusafiri baharini si mas'ala ya mabaharia peke yao, bali ni ya kila nyumba yenye mtu anayetoka na kungojewa arudi.

Idara ya Hali ya Hewa hutangaza habari za bahari: upepo utavuma kutoka wapi na kwa nguvu gani, na mawimbi yatainuka kiasi gani. Habari hizi husikilizwa redioni na husomwa katika simu za mkononi. Lakini tangazo la hatari likitoka, husikia baadhi ya watu wakisema: "Hali ya kesho aijuaye ni Mungu." Na mwingine husema: "Ajali haina kinga." Na wa tatu: "Siku yangu ikifika, hata kitandani nitakufa." Kisha hung'oa nanga wakaenda zao, nao wadhani kuwa wametawakali.

Twasema: maneno haya yana haki ndani yake, lakini neno la haki likitiwa mahali pasipokuwa pake huzaa batili. Na sisi twataka kuyapima kwa mizani ya dini, tuone kama yatasimama.

Ama neno la kwanza, kwamba kutabiri hali ya hewa ni kudai elimu ya ghaibu, wenye kulisema hutoa hoja kwa mwisho wa Sura Luqman, ambapo Mwenyezi Mungu ametaja mambo ambayo elimu yake iko kwake, na kuteremsha mvua ni miongoni mwayo. Sisi twaiamini aya hiyo neno kwa neno. Lakini ghaibu ni lile lisilo na dalili wala njia ya kulifikia. Ama anayeliona wingu jeusi likija kutoka baharini akasema, "Anueni nguo," hakudai ghaibu, amesoma dalili. Na Qur'ani yenyewe imetufundisha kuwa Mola huzituma pepo zikatangulia mvua kama wabashiri. Basi mwenye kumsikiliza mbashiri aliyetumwa na Mola wake amekosa nini?

Na hawa wa Idara hawafanyi ila hayo hayo, isipokuwa macho yao yafika mbali kuliko yetu. Wana vituo vya kupimia upepo na mvua, na kimoja kiko papa hapa bara yetu, katika uwanja wa ndege wa Moi. Wapokea habari za merikebu zilizo katikati ya bahari, na picha za mawingu zipigwazo na setilaiti kutoka juu. Hukusanya yote hayo, wakahesabu, wakasema: yaelekea kesho itakuwa hivi. Hawasemi "tumejua", wasema "twatarajia". Hata neno lenyewe "tabiri" asili yake ni Kiarabu, nalo ni kule kufasiri ndoto. Na ni nani aliyesifiwa kwa elimu hiyo kuliko Nabii Yusuf (A.S.)? Alimfasiria mfalme wa Misri ndoto yake, akamwarifu kuwa miaka saba ya neema itafuatwa na miaka saba ya ukame. Kisha hakumwambia akae angoje kadari, bali alimwelekeza aweke nafaka katika mashuke yake. Elimu yake ilikuwa wahyi, na elimu ya hawa ni hesabu, hatuzilinganishi. Lakini funzo ni moja: aliyepata habari ya shida ijayo hujiandaa.

Na la ajabu ni hili: baadhi ya wanaoukataa utabiri kwa kuogopa shirki, hao hao kabla ya safari humwendea mpiga ramli awatazamie siku njema, na hufunga hirizi katika mlingoti, na humwaga kafara majini. Huyu amemkimbia mwenye kupima upepo kwa chombo, akamkimbilia mwenye kuhesabu mchanga kwa dhana. Hilo ndilo dai la ghaibu, nalo ndilo lililokatazwa.

Ama neno la pili, kwamba utabiri mara nyingine hukosea, hatukatai. Lakini sharia yetu haikuweka yakini kuwa sharti ya kila amali. Mgonjwa akiambiwa na tabibu mwaminifu kuwa saumu itamdhuru, aruhusiwa kula, naye tabibu huyo aweza kukosea. Msafiri asiyeijua Kibla hujitahidi kwa dalili, akaswali. Dhana iliyo na nguvu hufanyiwa kazi. Na habari ya hatari ikikosea, hasara yake ni siku moja ya kazi. Lakini ikisadiki nawe umeipuuza, hasara yake ni roho, na roho hailipiki.

Ama neno la tatu, la siku kufika, jibu lake alikwisha kulitoa Sayyidna Umar (R.A.). Alikuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kuwa tauni imeingia huko, akaazimu kurudi na watu wake. Abu Ubaida akamuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kuwa waikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu nyingine. Na kabla yake, Mtume (S.A.W.) aliulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake ndipo atawakali, au amwache huru na atawakali, akamwamrisha amfunge, kisha atawakali. Basi mwenye chombo, kamba yako ya kumfungia ngamia leo ni habari ya upepo.

Bali jambo hili la bahari lina dalili yake khasa. Imepokewa katika Al-Adab al-Mufrad ya Imamu Bukhari kuwa Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba mwenye kupanda bahari wakati inapochafuka, dhima imeondoka juu yake, yaani, amejitoa mwenyewe katika hifadhi. Na Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu kisomwacho katika madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza kuwa Hija kwa njia ya bahari humlazimu mtu ikiwa usalama ndio ulio ghalibu. Zingatieni, ndugu zetu! Hija ni nguzo ya Uislamu, na juu ya hivyo, bahari ikiwa ya hatari haimlazimu mtu kuipanda. Je, itakuwaje safari ya arusi, au ya matembezi ya Idi, au ya kapu moja la samaki?

Wala wazee wetu hawakuwa wakisafiri kwa kubahatisha. Walijua kaskazi na kusi, na tanga mbili baina yake. Walihesabu siku kutoka Nairuzi, wakajua lini jahazi itoke na lini ipandishwe pwani ikakaa. Ibn Majid, bingwa wa ubaharia wa karne ya 15, alitunga kitabu kizima juu ya elimu ya bahari, na ndani yake akaeleza nyakati za misimu ya safari. Hapana aliyemwambia kuwa amemshirikisha Mungu. Utabiri wa leo ni mtoto wa elimu hiyo, si adui yake.

Na yaliyopita katika bahari yetu yatosha kuwa mawaidha. Pwani yetu iko karibu na Istiwai, ambapo kuzunguka kwa ardhi hakuzipi pepo nguvu ya kujizungusha, kwa hivyo tufani kubwa si mgeni wa kila mwaka. Lakini huja. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikaangusha mikarafuu na kuvunja merikebu za Sayyid Barghash. Aprili 1952 nyingine ikaipiga Lindi. Watu wa 1872 hawakuwa na wa kuwaonya. Ama tufani ya Mei 2024, iliyoitwa Hidaya, ilitangazwa siku kadhaa kabla. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania iliifuata hatua kwa hatua, boti za baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, na huku kwetu serikali ikakataza kuogelea na kuvua mpaka ipite. Tarehe 4 Mei ilifika Mafia, ikadhoofika. Jina lake kwa Kiarabu ni uongofu. Na mwenye kusikia onyo akakaa, kweli ameongoka.

Na tarehe 26 Desemba 2004, ilipotokea tsunami, ambayo si upepo bali ni mtikiso wa ardhi chini ya bahari, mawimbi yalichukua masaa mengi kutufikia. Habari zilitangulia, na watu wakaondolewa katika fuo zetu za Mombasa. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Somalia, ambako onyo halikufika, walikufa zaidi ya 200. Bahari ni moja na wimbi ni moja. Lililotofautiana ni habari.

Kinyume chake, Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, meli ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilipinduka karibu na Chumbe katika upepo mkali na mawimbi ya kusi, wakafa watu wengi. Mungu awarehemu. Wala tusidhani kuwa upepo peke yake ndio adui. Feri ya Mtongwe ilipozama hapa Likoni, tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272, haikuzamishwa na tufani; ilikuwa imejaa kupita kiasi, na ufuo uko karibu. Basi habari njema ya hali ya hewa haimpi mtu ruhusa ya kujaza watu.

Baada ya hayo, twawausia wenye vyombo mambo haya.

Kwanza: usiulize asubuhi peke yake. Uliza habari ya saa utakayorudi, kwani wengi hutoka katika shwari wakarudi katika dhoruba.

Pili: jua maana ya unayosikia. Ikitajwa upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, hiyo si bahari ya dau wala ya boti ndogo yenye wanawake na watoto.

Tatu: linganisha upepo na maji. Maji yakipwa yakatoka mlangoni kwa nguvu, na upepo ukavuma kutoka nje kuyakabili, wimbi husimama wima, khasa siku za bamvua. Nyakati za kujaa na kupwa huchapishwa kabla, zitafute.

Nne: utabiri ni wa eneo kubwa, nawe uko mahali pamoja. Ukiliona wingu usiloambiwa, rudi. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alipoona wingu, uso wake hubadilika kwa khofu, akikumbuka watu wa Adi walioliona wingu wakafurahia mvua, kumbe ni adhabu.

Tano: kila abiria awe na jaketi la kuokolea, na mwache mtu pwani ajuaye mwaendapo na saa ya kurudi.

Kisha soma dua aliyoisoma Nabii Nuhu (A.S.) alipopanda safina. Naye, kumbukeni, aliisoma baada ya kuijenga.

Limebaki neno zito zaidi. Mvuvi atatuambia: "Mashekhe, mwasema kweli, lakini njaa haingoji upepo ushuke." Neno hili halijibiwi kwa aya peke yake. Tajiri mwenye chombo, akaaye barazani na huku amwamrisha nahodha atoke siku iliyotangazwa hatari, ajue kuwa atasimama na roho hizo mbele ya Mungu. Na sisi majirani, tukila samaki wake siku za shwari, haifai tumsahau siku bahari imefungwa. Kila msikiti wa bara yetu waweza kuweka sanduku kwa ajili ya nyumba za wavuvi siku za kusi kali, na mvuvi aliye fakiri ana haki katika zaka kama fakiri mwingine. Tukiyafanya hayo, ndipo tutakuwa na uso wa kumwambia, "Leo usitoke."

Nahodha ni mchunga, na atasailiwa juu ya aliowachunga. Twamwomba Mwenyezi Mungu awarudishe salama wote walio baharini, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikiliza maneno wakafuata lililo jema. Wabillahi taufiki.