Ushujaa na Maisha ya Wengine

Watu wote huwasifu mashujaa, lakini ni wachache wanaouliza ushujaa ni kitu gani. Je, mtu anayecheza na mauti ni shujaa? Na kama anaweza kuhatarisha maisha yake mwenyewe, je, anayo haki hiyo juu ya maisha ya jirani? Tulitazame jambo hili katika mashindano ya motokaa, maana humo laonekana wazi.

Tarehe 10 Septemba 1933, huko Monza, karibu na mji wa Milano katika Italia, yalifanyika mashindano makubwa. Katika mbio za pili Waitaliano wawili, Giuseppe Campari na Baconin Borzacchini, walipata ajali katika kona moja, wakafa wote wawili. Ilisemwa kwamba mafuta yalikuwa yamemwagika pale. Hata hivyo wakubwa hawakukomesha mashindano. Walipunguza tu mizunguko ya mbio za mwisho. Basi katika mbio hizo Stanisław Czaykowski, Mpolandi, naye akafa pale pale walipokufa wenzake.

Tusiwahukumu upesi marehemu hao. Walijua hatari, wakaikubali wenyewe. Aristotle alifundisha kwamba ushujaa hukaa katikati ya woga na ujasiri wa kijinga. Kama walivuka mpaka huo, walilipa kwa maisha yao wenyewe. Lakini waliosema, "Endeleeni," hawakuwamo ndani ya motokaa. Ni rahisi kuwa hodari kwa shingo ya mwingine.

Sasa tuje karibu. Mwaka 1953 jirani zetu wa Afrika ya Mashariki walianzisha mashindano ya Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na matope. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, zikafika 7 tu. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Hakika huo ulikuwa uhodari na uvumilivu, nao wastahili sifa.

Lakini barabara zile hazikufungwa. Zilikuwa barabara za watu wote: mchungaji na ng'ombe zake, mama na mtungi wake, watoto watokao shuleni. Hao hawakuandika majina yao katika mashindano, wala hawakungojea kikombe. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Mwaka 2021 mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia, ambako hayakuwamo tangu 2002, sehemu za kushindania mwendo zilifungwa kwa watu wengine. Basi twaona kwamba mchezo waweza kubaki na jirani akalindwa.

Nasi hapa Bendera, kando ya barabara ya kutoka Kalemie kwenda Fizi na Uvira, hatuna mashindano ya namna hiyo. Lakini kijana wa pikipiki humpakia mama mwenye mtoto mgongoni, kisha, akiona mwenzake anampita, hutaka kumshinda. Atasema, "Abiria alipanda kwa hiari yake." Ndiyo, alipanda kwa hiari, lakini alilipa nauli apate kufika, hakulipa apate kushindana. Hiari yake haikuvuka hapo.

Na sisi tusimamao barabarani tukishangilia, tusijidhani hatuna neno. Kijana hukimbia kwa sababu yuko mtu wa kumtazama. Sifa zetu ndizo kikombe chake.

Basi, ndugu, kabla ya kumwita mtu shujaa, tuulize: likitokea baya, nani atalipa? Kama atalipa yeye peke yake, tumshauri kwa upole aikumbuke nyumba yake. Kama atalipa mwingine ambaye hakuulizwa, huo si ushujaa hata kidogo. Ni kuchukua mali ya mtu iliyo kubwa kuliko zote. Kijana apunguzaye mwendo mbele ya watoto, huku wenzake wakimcheka, huyo ndiye shujaa tunayepaswa kumpigia makofi.