Maswali ya kukumbuka: ni maandalizi au ni ghushi?

Miongoni mwa mambo ambayo sisi walimu wa dini tunaulizwa na vijana wasomi siku hizi, mengi hayamo katika vitabu vya fiqhi tulivyosomeshwa, angalau si kwa majina yake. Hawaulizi sana udhu wala mirathi. Wanauliza mikopo ya simu, bima, hisa, na sasa mitihani ya kuingilia vyuo vikubwa vya biashara vya nje. Kijana amemaliza shahada yake ya kwanza, amefanya kazi benki au bandarini miaka minne mitano, anataka akasome MBA. Anaambiwa afanye mtihani uitwao GMAT. Anaanza kujiandaa, na kabla hajafika mbali anapata ujumbe katika simu kwamba yapo maswali ya kukumbuka, ya mwezi uliopita tu, na bei yake ni nafuu. Hapo ndipo anapouliza: Ustadh, hili nalo ni haramu? Mbona shuleni tulikuwa tunapiga pasti pepa na hakuna mwalimu aliyetukataza?

Swali hili linastahili jibu refu kuliko neno moja, kwani anayeuliza ana hoja.

Kwanza tuujue mtihani wenyewe. GMAT ilianza miaka ya 1950 huko Marekani na inaendeshwa na baraza liitwalo GMAC. Kwa muundo unaotumika sasa, mtahiniwa anakaa mbele ya kompyuta dakika 135 na kujibu maswali 64 katika sehemu tatu: hesabu, ufahamu wa lugha na hoja, na uchambuzi wa takwimu. Kila sehemu ina dakika 45. Sehemu ya hesabu haina kikokotoo. Kompyuta inampima mtu kadiri anavyokwenda: akipata, linalofuata huwa gumu zaidi, akikosa, anashushwa. Mwisho anapewa alama kati ya 205 na 805, na alama hizo huishi miaka mitano.

Sasa tofauti na mitihani tuliyoizoea iko hapa. Mtihani wa kidato cha nne hufanywa na watahiniwa wote kwa pamoja, kisha karatasi ile inakuwa mali ya watu wote, mpaka inauzwa mitaani ikiwa imepigwa chapa. Haitarudi tena kama ilivyo. Ndiyo maana kupiga pasti pepa ni kusoma tu, na ni kusoma kuzuri. Ama GMAT, watu hawaifanyi siku moja. Ina hazina ya maswali, na swali aliloulizwa mtu wa Nairobi mwezi uliopita laweza kuulizwa mtu wa Mumbai wiki ijayo. Swali la kukumbuka bado liko kazini. Wenyewe wanayo maswali waliyoyastaafisha, na hayo wanayauza katika vitabu vyao kwa yeyote atakaye. Kwa hiyo mstari unaotenganisha halali na isiyo halali haupiti kati ya aliyewahi kuona maswali na ambaye hajawahi kuyaona. Unapita mahali pengine.

Wapo wanaosema: mimi sikuiba kitu. Aliyekumbuka alitumia kichwa chake alichopewa na Mola wake, na mimi nimemlipa kwa jasho langu. Hoja hii ina sura ya ukweli. Lakini kabla ya mtihani kufunguka, kila mtahiniwa anaonyeshwa masharti, na miongoni mwake ni kutoyatoa maswali nje. Asipokubali, haendelei. Aliyekubali kisha akatoka kwenda kuyauza amevunja mkataba kwa makusudi, na Sura ya Al-Maida inafunguka kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba. Huyo hana utetezi. Swali gumu ni la mnunuzi, ambaye siku ya kununua alikuwa hajaahidi kitu kwa mtu.

Hapa nakumbuka habari iliyopokewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akakuta rundo la nafaka. Akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, yule bwana akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wakaiona, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Mara nyingi tunaisimulia habari hii kwa haraka na kuipita nukta yake. Yule mfanyabiashara hakuilowesha nafaka. Mvua ilinyesha. Inawezekana kabisa kwamba hakuiba wala hakusema uongo kwa ulimi. Kosa lake lilikuwa mpangilio wa rundo: kavu juu, mbichi chini.

Alama za mtihani nazo ni rundo la namna hiyo. Zinapofika chuoni zinatoa ushahidi kwamba huyu alipewa matatizo asiyoyajua, muda ukiwa mfupi, akayatatua. Chuo kinanunua ushahidi huo. Sasa aliyekuta maswali kumi anayoyajua, je, yuko tayari kuandika katika barua yake ya maombi kwamba kumi kati ya sitini na nne alikuwa ameshayaona? Akiwa tayari, mbichi ameiweka juu, na sina ugomvi naye. Ila sijapata kumsikia mwombaji wa namna hiyo. Na yule aliyesoma kitabu cha maswali yaliyostaafishwa hana haja ya kuficha; anakitaja hata kwa majigambo.

Mwezi Juni mwaka 2008 mahakama moja ya Marekani, jimboni Virginia, iliamuru mwendeshaji wa mtandao ulioitwa Scoretop alipe zaidi ya dola milioni 2.3 kwa kuchapisha maswali ya GMAT yaliyokuwa bado yanatumika. Wateja walikuwa wakilipa dola 30 kwa mwezi. Ilipofika Septemba mwaka huo, GMAC ikafuta alama za watu 84. Cha kushangaza ni jinsi walivyopatikana. Wachache ndio walioandika maswali waliyoyakumbuka. Walio wengi walirudi baada ya mtihani kueleza, wengine kwa furaha, kwamba wameyakuta. Kwa wenzao waliiweka mbichi juu. Kwa vyuo wakapeleka kavu. Vituo vya mtihani huu hupiga picha hata mishipa ya damu ya kiganja ili mtu asiingie kwa jina la mwingine, lakini hakuna mashine ya kuonyesha mtu ameingia na nini kichwani. Hapo anabaki yeye na Mola wake.

Ipo hoja ya pili, na hii naiheshimu zaidi. Kijana anasema: mtihani wenyewe hauna uadilifu. Ada yake inazidi dola 200, na hiyo kwa wengi wetu ni mshahara wa mwezi mzima au zaidi. Mshindani wangu wa London ameizungumza lugha ya mtihani tangu tumboni mwa mama yake, mimi nimeanza kufundishwa kwayo kidato cha kwanza, darasani tukiwa mia. Yeye ana mwalimu wa kulipia kwa saa, mimi nina simu. Mimi nikinunua maswali, nimeziba pengo tu.

Pengo lipo, na anayelikana hawajui vijana wetu. Lakini tuulize ni nani anayeumia pengo linapozibwa kwa njia hii. Si yule wa London. Vyuo hivi hupenda darasa lenye watu wa mataifa mengi, hivyo mshindani wa karibu wa kijana wa Temeke, kwa jinsi ninavyoona mimi, ni kijana mwenzake wa Mombasa, Kampala au Lusaka, ambaye naye hana mwalimu wa kulipia, na ambaye pengine alitumiwa ujumbe ule ule akaufuta. Nafasi iliyochukuliwa ni ya huyo. Dhulma ya tajiri inalipwa na maskini mwingine.

Wahindi walilionja jambo hili kwa ukubwa wake. Mtihani wao wa kuingilia taasisi za menejimenti, uitwao CAT, ulifanyika tarehe 23 Novemba 2003, na ukagundulika umevuja. Ukafutwa, ukarudiwa Februari 2004. Waliokaa kuurudia walikuwa zaidi ya laki moja, na karibu wote hawakuwa wamenunua chochote. Miezi ya kukesha, likizo walizoomba kazini, nauli za treni, vyote vikaanza upya kwa sababu ya wachache.

Ama aliyefundishwa swali bila kuambiwa limetoka wapi, akalikuta kwenye mtihani, huyo hana dhambi; hakujua. Na aliyekwisha kufanya, akahitimu, akaajiriwa, mara nyingi huuliza kama mshahara wake ni haramu. Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekuwa mufti wa Saudi Arabia hadi alipofariki mwaka 1999, aliulizwa kuhusu mtu aliyepata cheti kwa udanganyifu kisha anafanya kazi yake vizuri. Alijibu kuwa atubie udanganyifu wake, ama mshahara, maadamu kazi anaitekeleza inavyopasa, haumdhuru. Jibu hili ni la rehema kwa anayerudi. Nimeona baadhi ya vijana wakilishika kama tiketi ya kwenda, yaani nidanganye leo, nitubie nikishapata kazi. Fatwa ile haikutolewa kwa safari hiyo.

Sasa afanye nini mwenye mtihani mbele yake? Ajipe miezi mitatu. Asome kitabu cha wenyewe, na kila alilokosa aliandike katika daftari la makosa pamoja na sababu ya kukosa, kwani wengi wanarudia kosa moja kwa sura kumi. Azoee dakika 45 bila kunyanyuka. Saa ya baada ya Alfajiri inafaa sana kwa hili. Asipofanikiwa, baada ya siku 16 anaweza kurudia, hadi mara tano katika miezi kumi na miwili, na vyuo vingi siku hizi vinapokea pia mtihani wa GRE. Akitaka mwalimu wa kulipia, kabla hajatoa pesa amuulize maswali anayofundishia ameyatoa wapi. Mwenye kitabu atakionyesha hapo hapo. Anayejibu kwamba hilo tutazungumza pembeni, asilipwe.